Mwongozo kamili: kuifanya barabara ya mtaa ipitike masika na kiangazi katika mitaa mipya ya Mbeya

Barabara za mitaa inayokua pembezoni mwa Jiji la Mbeya, kuanzia Isyesye na Itezi hadi Iwambi na Nsalaga, huharibiwa na maji kwanza. Magari yanakuja kumalizia. Wakazi huchangishana, greda linaletwa, barabara inachongwa na kupendeza, na ikifika Januari mtaa mzima unapaki magari kwa jirani wa barabara kuu. Greda halina kosa hapo. Fedha zote ziliishia kwenye uso wa barabara, na maji hayakutafutiwa njia.

Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye mitaro, kalavati (mabomba ya kuvusha maji chini ya barabara) na mgongo wa barabara (katikati kuinuka kuliko kingo) kuliko kwenye kifusi. Mkiwa na fedha kidogo, tengenezeni njia ya maji, kifusi kisubiri. Barabara ya udongo yenye mitaro mizuri hupitika kwa shida wiki chache za mwaka. Yenye kifusi kizuri lakini haina mitaro haimalizi masika mawili.

Jueni kwanza barabara ni ya nani

Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini zipo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 chini ya TAMISEMI. Njia nyingi za mitaa mipya hazijaingia popote: watu waliuziana viwanja, wakaacha kijia, kikapanuka.

Nendeni ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya mkaulize swali moja: barabara yetu ipo kwenye mtandao wenu? Kama ipo, kazi yoyote mnayotaka kufanya juu yake inahitaji kibali chao. Barabara ya umma inalindwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hivyo hamwezi kuifukua au kuiwekea matuta kwa uamuzi wa mtaa peke yake. Kama haipo, ombi lenu la kwanza liwe kuingizwa kwenye mtandao, kwa sababu barabara isiyo kwenye orodha haipangiwi bajeti hata ikiwa mbovu kiasi gani.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na mipango yake huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalopelekwa Mei linakuwa limechelewa mwaka mzima. Fanyeni mkutano wa mtaa Agosti au Septemba, muhtasari upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, na barua ifike TARURA kabla ya Novemba. Muambatanishe muhtasari wenye mahudhurio na sahihi, mchoro wa barabara wenye urefu wake, picha za sehemu korofi zilizopigwa wakati wa mvua, na orodha ya huduma zinazotegemea barabara hiyo: shule, zahanati, soko, kisima. Andikeni pia mchango wa wakazi. Mtaa uliokwisha kukubaliana upana na kuchimba mitaro unamrahisishia mhandisi kazi, na ombi la namna hiyo lina uzito.

Upana: malizeni ugomvi kabla mashine haijafika

Chukueni mchoro wa mipango miji au wa urasimishaji kutoka ofisi ya ardhi ya jiji, mlinganishe na hali halisi kwa futi kamba. Kama eneo lilipimwa, hifadhi ya barabara imeandikwa na mjadala ni mfupi. Kama halijapimwa, mnahitaji makubaliano.

Kwa magari mawili kupishana taratibu, njia ya mita 5 inatosha. Ongezeni mtaro wa mita 1 kila upande, jumla mita 7. Chini ya hapo mnaweza kuwa na njia ya mita 3.5 yenye sehemu za kupishania kila baada ya mita 80 hadi 100, lakini msikubali kushuka zaidi. Gari la zimamoto na la kunyonya majitaka lazima lifike nyumba ya mwisho.

Anayetoa kipande cha kiwanja asaini makubaliano ya maandishi yenye mchoro, vipimo, sahihi za majirani wa pande zote na muhuri wa afisa mtendaji wa mtaa. Ahadi ya mdomo hufa siku kiwanja kinapouzwa. Andikeni pia vitu vitakavyoguswa: ukuta, mparachichi, bomba, na nani atagharamia kuvihamisha. Kaburi msiliguse kwa makubaliano ya mtaa. Lina sheria yake, na utaratibu wake unaanzia halmashauri.

Baada ya kukubaliana, pigeni vigingi vya zege pande zote mbili kila baada ya mita 20 siku hiyohiyo.

Someni maji kabla ya kuchora chochote

Tembeeni barabara nzima mvua ikinyesha. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho. Wekeni alama mahali maji yanapoingia barabarani, yanapovuka, yanapotuama na yanapotokea. Angalieni viwanja vya juu pia: chini ya milima kama Loleza, maji yanayowasumbua hayakunyesha kwenu, yameshuka kutoka mitaa ya juu.

Kisha pimeni mteremko. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi ujenzi, unatosha. Simamisheni watu wawili umbali wa mita 10, mpime tofauti ya kimo kati yao. Tofauti ya sentimita 50 ni mteremko wa asilimia 5. Mita 1 ni asilimia 10. Andikeni namba hizo kwenye mchoro, maana ndizo zitakazoamua kila kitu kinachofuata.

Jambo gumu kuliko yote ni mahali pa kuyatoa maji. Kijijini mtaro unakatwa ukaelekezwa shambani. Mjini kila mita ina mwenyewe. Tafuteni korongo la asili au mtaro mkubwa uliopo, mwafikiane na wenye viwanja njiani, kwa maandishi, kabla ya kuchimba. Mtaa unaomwagia maji mtaa wa chini utaishia baraza la kata, na mtaro utafukiwa usiku.

Mtaro wa kawaida uwe na kina cha sentimita 40 hadi 50, sakafu ya sentimita 40, na kuta zilizolala kidogo ili zisiporomoke. Sakafu yake iwe chini ya ukingo wa barabara kwa angalau sentimita 30. Mteremko ukizidi asilimia 4, maji yanaanza kuchimba mtaro wenyewe, na mtaro unageuka korongo linalokula ukuta wa jirani. Dawa yake ni vizuizi vya mawe vya kimo cha sentimita 30 vinavyokatisha mtaro. Kwenye mteremko wa asilimia 6 viwekwe kila mita 15, asilimia 8 kila mita 7 hadi 8, asilimia 10 kila mita 5. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, na upande yanakoangukia yapangwe mawe kwa urefu wa nusu mita. Kizuizi kilichonyooka juu husukuma maji pembeni, nayo hukizunguka na kubomoa ukuta wa mtaro. Kosa hili ni dogo kwa macho na linaonekana karibu kila mahali. Juu ya asilimia 10 acheni vizuizi, jengeni mtaro wa mawe na saruji.

Mabomba ya akiba, kabla ya kifusi

Mtaa unaokua unavuta maji kila mwezi. Kila anayevuta anakata barabara, anafukia kwa koleo, na masika ya kwanza panazama. Kabla ya kumwaga kifusi, pitisheni chini ya barabara mabomba matupu ya plastiki ya inchi 4, kina cha sentimita 80, kila baada ya viwanja viwili. Zibeni ncha, wekeni alama kwenye kigingi. Waiteni mamlaka ya maji na TANESCO watembee nanyi siku moja: bomba lililo kina cha sentimita 20 litapasuliwa na greda, na nguzo iliyo ndani ya mtaro inahitaji kuombewa kuhamishwa miezi kabla.

Kuchonga, na mgongo wa barabara

Uharibifu mkubwa wa barabara za mitaa hutokana na uchongaji wenyewe. Greda likipita kila mwaka likikwangua udongo na kuutupa pembeni, barabara inashuka sentimita chache kila mara. Baada ya miaka michache ipo chini ya viwanja, mageti yanachungulia kutoka juu, na maji yote ya mtaa yanaiona barabara kama mto. Mwambieni opereta kabla hajawasha mashine: udongo unaochimbwa kwenye mitaro uletwe katikati, usitupwe nje.

Katikati ya barabara pawe juu kuliko kingo kwa mteremko wa asilimia 5. Kwa barabara ya mita 5, nusu yake ni mita 2.5, hivyo katikati pazidi ukingo kwa sentimita 12 hadi 13. Msikadirie kwa macho. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 2.5, pigilieni kipande cha mbao cha sentimita 12.5 chini ya ncha moja. Ncha hiyo ikae ukingoni, nyingine katikati, na pima maji juu ya ubao. Povu likikaa katikati, mgongo uko sawa. Pimeni kila mita 10. Asiyezoea hudhani mgongo huo ni mkubwa mno, lakini magari yataushusha yenyewe, na ukianza na asilimia 2 utakuwa bapa kabla ya Pasaka.

Wakati mzuri wa kuchonga ni Mei na Juni, mvua zinapoishia na udongo bado una unyevu. Wengi husubiri Oktoba. Udongo umekuwa vumbi, haushindiliki, na mvua za Novemba zinaukuta umelegea.

Kifusi: kijaribuni kabla ya kukilipia

Moramu, yaani kifusi cha kuweka uso wa barabara, ikiwa nzuri ina mawe madogo, mchanga, na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kuvishika pamoja. Jiwe kubwa lisizidi sentimita 4 au 5. Mfinyanzi ukizidi, barabara inateleza. Ukipungua, inatoka mawimbi ya kutingisha meno na mawe yanatawanyika. Chukueni konzi, ilowesheni kidogo, finyangeni donge, liacheni juani siku nzima. Likibonyea na kuwa unga kwa vidole, halina gundi. Likiwa gumu kama tofali na kupasukapasuka, mfinyanzi umezidi.

Upande wa Uyole na kuelekea Rungwe kuna jaribio la pili, la lazima. Ardhi ya huko imejaa majivu na mawe mepesi yaliyorushwa na volkano za Ngozi na Rungwe. Kifusi chake ni rahisi kuchimba na ni cha karibu, kwa hiyo wauzaji wanakipenda. Mwageni konzi kwenye ndoo ya maji. Chembe nyingi zikielea, hayo ni mawe mepesi: yanasagika chini ya tairi na kuondoka na maji. Yanafaa kujazia chini, hayafai kuwa uso wa barabara. Iringa hali ni tofauti: udongo mwekundu unaoteleza upo kwa wingi, lakini na miamba ya mawe magumu ipo kila upande, hivyo wakazi wa huko wafikirie mawe ya kupanga mapema.

Hesabu ya mita 100: upana mita 5, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni meta za ujazo 75. Kifusi kilicholegea hupungua kikishindiliwa, hivyo agizeni 95 hadi 100. Msinunue kwa "tripu". Pimeni bodi la tipa: la urefu wa mita 4.2, upana 2.1 na kimo 0.6 linabeba meta za ujazo 5.3, yaani tripu 19 kwa kila mita 100. Mtu mmoja akae na daftari, asaini kila tripu, na tipa lisilojaa lirudi au lipunguziwe bei papo hapo.

Kisambazwe, kiloweshwe, kishindiliwe, na tabaka lisizidi sentimita 15. Unyevu unapimwa kwa mkono: kamateni konzi, minyeni kwa nguvu, fungueni kiganja. Donge likae, na likigawanywa kwa vidole livunjike vipande viwili bila kumomonyoka. Maji yakitoka au kiganja kikibaki na tope, unyevu umezidi. Donge likisambaa, ongezeni maji. Kwa mita 100 za kifusi kikavu andaeni bauza (gari la maji) la lita 8,000 hadi 10,000. Rola lipite mara 6 hadi 8, likianzia kingoni kwenda katikati, ili lisiusukume mgongo nje. Kuacha magari "yashindilie yenyewe" ni kutupa fedha: yanashindilia mistari miwili tu ya matairi, na mistari hiyo ndiyo mifereji ya kwanza.

Kalavati

Bomba la kalavati linalovuka barabara lisiwe chini ya kipenyo cha sentimita 60. Sentimita 90 ni bora, kwa sababu mtu anaweza kuingia na koleo kuzibua. Kwa barabara ya mita 5 mnahitaji mabomba 7 ya mita moja moja, ili ncha zitokeze nje ya kingo. Chimbeni mtaro wa kalavati ukiwa na mteremko wa asilimia 2 hadi 4, sakafu muitandike changarawe ya sentimita 10 hadi 15 iliyoshindiliwa, viungo vizibwe kwa saruji. Udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, pande zote mbili kwa pamoja. Ukijaza upande mmoja hadi juu kwanza, bomba linasogea na viungo vinafunguka.

Juu ya bomba pawe na udongo wa angalau sentimita 60. Pasipopatikana, lizungushieni zege la sentimita 15, au achaneni na bomba mjenge kivuko cha mawe na saruji ambacho maji yanapita juu yake. Kalavati lililofunikwa kwa sentimita 20 hupasuka siku lori la kwanza la tofali linapopita.

Kuta za mawe kwenye mlango wa kuingilia na kutokea zisiachwe "kwa awamu ya pili". Bila ukuta, maji huingia nyuma ya bomba na kulibeba. Saruji ya kujengea mawe iwe uwiano wa 1 kwa 4 (saruji kwa mchanga), na upande wa kutokea patandikwe mawe mita 1.5 hadi 2. Kalavati nyingi huangukia upande huo.

Miteremko mikali

Moramu haikai juu ya mteremko unaozidi asilimia 8. Mtaimwaga kila mwaka na kila mwaka itashuka kwa majirani wa chini. Hapo fedha ziende kwenye uso mgumu, hata kama ni mita 40 tu za kipande kile kinachokwamisha kila mtu. TARURA imejenga barabara za mawe kwenye milima ya jiji la Mwanza, na teknolojia hiyo inafaa Mbeya na Iringa kwa sababu inatumia mikono ya vijana wa mtaani na mawe ya karibu. Mawe ya kimo cha sentimita 15 yanasimamishwa juu ya mchanga wa sentimita 5, yakibanana, nafasi zinajazwa saruji, na kingo zinafungwa kwa mawe makubwa yaliyozikwa. Bila kingo, safu ya pembeni inalegea na nyingine zinaifuata. Kwa mita 100 za upana wa mita 4 andaeni meta za ujazo 70 za mawe na 20 za mchanga wa kutandika, mbali na mchanga na saruji ya kuziba nafasi.

Njia ya pili ni mistari miwili ya zege, kila mmoja upana wa sentimita 90 na unene wa 15, ikiachana sentimita 60. Mita 10 zinakula zege meta za ujazo 2.7, karibu mifuko 18 ya saruji kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kateni maungio kila mita 3, uso uchorwe kwa fagio gumu ili tairi ishike. Katikati pajazwe mawe, la sivyo maji yatafanya mfereji hapo. Zege linyweshwe maji siku 7 bila kukosa, na magari yasubiri siku 21. Juni na Julai usiku wa Mbeya ni wa baridi kali na zege hukomaa polepole, hivyo funikeni kwa magunia na msipunguze siku hizo.

Michango

Fungueni akaunti ya benki ya kamati yenye watia sahihi watatu, na kila mwezi bandikeni mapato na matumizi ofisi ya mtaa. Anayeshindwa fedha achangie siku za kazi au mawe, kwa thamani iliyokubaliwa mkutanoni mapema. Mlipeni mwenye mashine kwa kazi iliyopimwa, siyo kwa saa, na bakizeni asilimia 10 hadi mvua tatu kubwa zipite.

Matunzo

Kila nyumba imiliki mtaro wa mbele yake. Kivuko cha geti kiwe na bomba la sentimita 45 au zaidi, au bamba la zege linalonyanyuliwa. Bomba la inchi 4 chini ya geti ndilo linaloziba mtaa mzima, na kamati iwe na uwezo wa kulikataa siku linapowekwa. Mitaro izibuliwe Oktoba mwishoni, kisha baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwani hiyo ndiyo inayoshusha takataka zote za kiangazi. Wajenzi wasikorogee zege barabarani. Matuta ya udongo yanayowekwa kupunguza mwendo wa bodaboda yaondolewe: yanazuia maji, na shimo linaanza nyuma yake ndani ya wiki.

Shimo likitokea, msimwage kifusi juu ya tope. Toeni maji, kateni kingo ziwe wima na za mraba, jazeni moramu yenye unyevu kwa tabaka za sentimita 10, na mwisho pazidi uso kwa sentimita 2 hadi 3.

Kila Mei chimbeni vishimo vidogo kwenye mistari ya matairi, kila mita 50, mpime unene wa moramu uliobaki. Andikeni namba na tarehe kwenye daftari la barabara, nakala iende TARURA. Ukishuka hadi sentimita 7, anzeni taratibu za kifusi kipya mwaka huohuo, maana ukifika sentimita 3 mawe yamekwisha kuzama kwenye udongo na mtalipia tabaka zima upya.